Unga wa klorela wa duka la Arusha: ni wenyewe, ila si wa mama mkwe

Nianze na hukumu kwa wenye haraka. Unga ni klorela kweli, yaani ule mwani wa kijani wa seli moja unaokaushwa na kuuzwa kama chakula cha afya. Haujaongezwa unga wa mahindi wala rangi, na kazi ya kupasua kuta za seli imefanywa vizuri kuliko nilivyotegemea. Bei ni ya kujitafutia ugomvi nyumbani. Maneno ya kwenye lebo, nusu yake yangefutwa na hakuna ambaye angepungukiwa kitu. Na kama kwenu kuna mtu anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kopo hili lipite mbali naye. Nyota tatu kati ya tano. Ya nne naishikilia mpaka wanionyeshe cheti cha maabara. Ya tano, kwa bei ile, wasahau.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa Moshi: naandaa vitendo vya baiolojia na kemia, naosha mirija, nabishana na mhasibu kuhusu bei ya spiriti. Mwani wa kopo haukuwa kwenye bajeti yangu. Aliyeniingiza ni wifi yangu wa Njiro, Arusha. Tangu ajiunge na kundi la WhatsApp la tiba asilia, hakuna anayepiga chafya kwenye ukoo asipelekewe ushauri. Safari hii alitaka kumnunulia mama yao, yaani mama mkwe wangu, aliyeko Kibosho na ambaye ana vali bandia ya moyo. Namshukuru Mungu alinipigia kwanza. "Wifi, si una hadubini huko shuleni? Hebu iangalie hii kitu, nisije nikamlisha mama majani yaliyopakwa rangi."

Duka liko katikati ya mji wa Arusha, unatembea tu kutoka Mnara wa Saa. Jina silitaji. Ni duka dogo, safi, limepangwa vizuri: asali, mafuta ya parachichi, mbegu za chia, sabuni za mwarobaini, na rafu nzima ya unga wa kijani. Binti aliyekuwepo ana adabu zake. "Shikamoo mama." Marahaba mwanangu. Nikamwambia ninachotaka, akanishushia kopo la gramu 200, shilingi 65,000. Pembeni yake ulikaa unga wa mlonge kwa 8,000.

"Hii mama inasafisha damu. Inatoa sumu zote mwilini."

"Sumu zipi, mwanangu?"

"Zote tu, mama."

Akacheka, nami nikacheka. Kisha akasema jambo ambalo nimempenda nalo: yeye mwenyewe anakunywa mlonge, hii haimudu. Bosi wake angekuwepo nadhani asingelisema. Nikachukua kopo, na kwa ajili ya kulinganisha nikaagiza pia pakiti ndogo ya spirulina, unga mwingine wa kijani unaouzwa pamoja nayo, ambayo siku hiyo ilikuwa imeisha. Waliniahidi kuituma, na kweli, ilipandishwa basi asubuhi na mchana nikawa nayo mkononi stendi ya Moshi. Kwa upande wa huduma ya kusafirisha sina neno baya hata moja.

Kopo lenyewe ni la plastiki nzito ya rangi ya giza, lina kifuniko cha ndani cha kubandua na kifuko cha kunyonya unyevu. Hapo wamefanya kazi. Klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, ikipigwa na mwanga na hewa yenye unyevu huharibika, na unga wa kijani uliogeuka kuwa wa kahawia ya mzeituni ni wa kurudisha dukani bila mjadala. Huu ulikuwa kijani kizito, karibu na cheusi ukiwa kwenye kopo, na ukiupaka kwenye karatasi nyeupe unang'aa. Tarehe ya mwisho wa matumizi ipo, namba ya toleo ipo. Aliyefungasha ametajwa. Aliyelima hakutajwa, wala nchi haikutajwa. Alama ya TBS sikuiona, ingawa tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula uko chini yao. Na jina la spishi hakuna: wameandika klorela tu, na klorela ni jina la jumla la mwani wa aina nyingi, wengine wamehamishwa majina mara kadhaa na wanasayansi. Kwa bei ya kopo hili, jina kamili halikuwa ombi kubwa.

Ladha. Ina harufu ya majani ya ng'ombe yaliyokatwa jana yakalala kwenye mvua, na kwa nyuma kuna kitu cha samaki. Kwenye maji matupu sishauri. Kwenye uji wa ulezi wenye ndimu inavumilika, ila uji unageuka rangi ambayo mtoto hawezi kuigusa bila kuahidiwa kitu. Kwenye juisi ya parachichi na pasheni inapotea kabisa. Huo ndio mlango wake. Shemeji yangu mdogo, kwa ubishi wake wa siku zote, aliitia kwenye mtori. Jamani, msifanye hivyo. Kuna mambo mgomba na nyama havistahili kutendewa.

Sasa tuje maabara, maana ndicho nilichotumwa.

Nilichukua punje kidogo, nikaiweka kwenye tone la maji juu ya slaidi, nikaifunika, nikaanza na lenzi ndogo kisha nikapanda hadi mara 400. Klorela nzima ni rahisi kuitambua: ni seli moja, ya mviringo, haina mkia, haina mguu, haiendi popote yenyewe. Kipenyo chake ni kati ya maikromita 2 na 10, kwa hiyo zilizo kubwa zinakaribiana na chembe nyekundu ya damu, ambayo kila mwanafunzi wangu ameiona. Ndani yake sehemu kubwa imejazwa na kloroplasti (kifuko chenye klorofili) moja yenye umbo la kikombe, na ndani ya kikombe hicho kuna kidoti kiitwacho pirenoidi, ambacho wanga huhifadhiwa kukizunguka. Hivyo tu. Kiumbe kizima, na kila kazi ya kuishi, kimo ndani ya tufe ambalo kwa macho huwezi kuliona.

Kwenye unga huu nilikuta seli nzima chache. Zilizobaki zilikuwa zimepasuka: maganda matupu yaliyokunjamana, vipande vya kijani vimezagaa. Hiyo ni habari njema, na lebo hapa haikudanganya ilipoandika kwamba kuta zimevunjwa. Ukuta wa seli ya klorela ni mgumu sana, na tumbo la binadamu halina kimeng'enya cha kuumeng'enya. Ukila seli nzima, sehemu nzuri ya ulicholipia inapita na kutoka kama ilivyoingia. Viwandani huzisaga kwenye mashine yenye shanga ndogo ngumu zinazozungushwa kwa kasi mpaka seli zipasuke. Kwa hiyo ukinunua klorela ya kampuni yoyote, hilo ndilo neno la kwanza la kutafuta kwenye lebo, na ukipata rafiki mwenye hadubini, ndicho kitu cha kwanza cha kuthibitisha.

Nilijaribu na ayodini, kwa sababu wasiwasi wangu mkubwa ulikuwa unga wa nafaka. Klorela ina wanga wake, kwa hiyo kubadilika rangi kuwa nyeusi ya bluu si ushahidi wa uchakachuaji. Unachotafuta ni punje kubwa zilizo peke yake, nje ya seli, zenye pembe pembe kama ni za mahindi au bapa kama ni za ngano. Sikuona. Jaribio la rangi nalo ni la raha, unaweza kulifanya jikoni: loweka kijiko kwenye spiriti, chuja, kisha imulike ile tochi ya kukagulia noti bandia ukiwa gizani. Klorofili halisi inarudisha mwanga mwekundu wa damu ya mzee. Rangi ya kijani ya kuweka kwenye keki haifanyi hivyo. Yangu iliwaka nyekundu mpaka mlinzi wa shule akaja kuuliza kuna nini.

Na la mwisho, kuitofautisha na spirulina, maana madukani hivi vitu vinauzwa vikichanganywa majina kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Loweka kijiko cha kila kimoja kwenye maji usiku kucha. Maji ya spirulina asubuhi yana bluu nzuri kabisa, inayotokana na rangi iitwayo fikosianini. Maji ya klorela hayana bluu, kwa sababu haina rangi hiyo. Chini ya hadubini tofauti ni kubwa zaidi: spirulina ni nyuzi zilizojisokota, seli nyingi zimeungana mstari mmoja. Wala si mwani kwa maana ya klorela. Ni bakteria wanaofanya usanisinuru, hawana kiini wala kloroplasti. Vyote viwili vilikuwa kile kilichoandikwa kwenye lebo. Kwa duka la vyakula vya afya, hilo ni la kupongezwa.

Tofauti hiyo ya umbo ndiyo inayoeleza bei, na nataka nikae hapa kidogo kwa sababu nimesikia watu wakisema klorela ni ghali kwa kuwa ina nguvu zaidi. Si hivyo. Ni ghali kwa kuwa ni ndogo.

Waliowahi kwenda Hifadhi ya Arusha wakasimama kando ya maziwa ya Momela wanawajua flamingo wadogo, wale wale wanaozaliana Ziwa Natron. Chakula chao kikuu ni spirulina ya maziwa ya magadi. Ndege anainamisha kichwa, anaingiza mdomo juu chini ndani ya maji, na mdomo wake una vichujio vinavyonasa zile nyuzi. Binadamu naye anafanya vivyo hivyo: akina mama wa Kikanembu kule Chad tangu zamani huchota spirulina kwenye vidimbwi, huichuja, huikausha kwenye mchanga, na kuipika kama mboga. Kitambaa, jua, basi. Klorela haichujwi hivyo. Seli ya maikromita chache inapita kwenye kitambaa chochote cha kanga ulicho nacho, na haitulii chini kwa urahisi. Ili kuivuna unahitaji sentrifuji, yaani kuzungusha maelfu ya lita za maji kwa umeme ili upate kilo chache za tope la kijani. Halafu unakausha. Halafu unapasua kuta. Kila hatua ni umeme na mashine. Ndiyo maana mtu anaweza kulima spirulina nyuma ya nyumba akaiuza, lakini klorela ya unga karibu yote unayoiona dukani imetoka kiwandani, mbali.

Na ajabu ni kwamba kuilima si kazi. Seli moja hukua, hujigawa ndani ya ukuta wake, mara nyingi kuwa nne, kisha ukuta wa mama hupasuka na watoto hutoka, kila mmoja tayari na ukuta wake. Ikipata mwanga, joto, hewa ya ukaa, naitrojeni na fosforasi, mzunguko huo unaweza kukamilika ndani ya saa 24. Haisubiri dume. Mholanzi Martinus Beijerinck ndiye aliyeipa jina mwaka 1890, na tangu hapo maabara za dunia hazijaiacha. Mjerumani Otto Warburg aliitumia kuchunguza usanisinuru. Melvin Calvin na wenzake huko Berkeley, California, waliilisha klorela kaboni yenye mnururisho, wakaiua kwa alkoholi moto baada ya sekunde chache, na wakafuatilia kaboni ile imefika wapi. Kwa kazi hiyo Calvin alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1961, na ule mzunguko wa Calvin unaowaliza vijana wa kidato cha sita, wa jinsi mmea unavyoigeuza kaboni kuwa sukari, ni huo. Nikiwaambia kwamba ulipatikana kwa msaada wa mwani, wananitazama kama nimewatukana.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wakubwa waliamini klorela ingeilisha dunia. Mwaka 1951 Wamarekani walijenga mtambo wa majaribio juu ya paa la jengo kule Cambridge, Massachusetts. Warusi nao, kwenye kituo cha BIOS-3 huko Krasnoyarsk, Siberia, waliwafungia watu ndani ya chumba kisichoingiza hewa na kuwapumulisha oksijeni ya mimea na klorela. Walikadiria kwamba mita za mraba 8 hivi za klorela yenye mwanga zinatosha hewa ya mtu mmoja. Hewa walipata. Chakula kikawa kizungumkuti, wakaishia kupanda ngano. Ndoto ya kulisha dunia nayo ilikwama palepale pa gharama ya kuvuna, wakati ngano na mpunga wa mbegu mpya ulipokuwa unaongezeka mashambani kwa bei ndogo. Wajapani na Wataiwani ndio walioibadilisha kutoka chakula cha maskini kuwa kidonge cha mwenye pesa. Kopo langu la Arusha ni mjukuu wa uamuzi huo.

Ndiyo maana hesabu ya protini inanichekesha. Lebo inasema "protini nyingi kuliko nyama." Kwa asilimia ni kweli: klorela kavu ina protini kiasi cha asilimia 42 hadi 58. Lakini nani anakula sahani ya klorela? Kijiko cha chai walichoshauri nilikipima kwenye mizani yetu, ni gramu 3. Hapo una protini gramu moja na nusu, kwa shilingi 975. Yai moja lina gramu 6 hivi, na kwa mangi wa kona yetu ni shilingi 500. Mara nne ya protini kwa karibu nusu ya bei, na yai halihitaji parachichi la kulifichia. Tusiongelee maharage.

Vitamini B12 pia wameiandika kwa herufi kubwa. Hapa klorela inamshinda jirani yake spirulina, ambaye B12 yake nyingi ni ya aina ambayo mwili wetu hauitumii. Klorela kadhaa zimekutwa na B12 halisi, lakini kiasi kinatofautiana sana kutoka bidhaa moja hadi nyingine, kufuatana na ilivyolimwa. Kwa hiyo neno "ina B12" bila namba halina maana, na kopo hili halina namba.

Tufike kwenye "kutoa sumu." Kuna ukweli uliogeuzwa hapa. Ukuta wa klorela hunasa metali nzito zilizomo majini, kama risasi na kadimiamu. Wataalamu wanaitumia kujaribu kusafisha maji ya viwandani kwa sababu hiyo hiyo. Muuzaji anachukua habari hiyo ya bwawani anaihamishia kwenye ini lako. Mimi naisoma kinyume. Kiumbe kinachonyonya metali kutoka kwenye maji kitakuja na metali za maji yale kilikokulia. Nami sijui kilikulia wapi, kwa kuwa lebo imekaa kimya. Sisi wa upande huu hatuhitaji kufundishwa kuuliza habari za maji: nusu ya watu niliosoma nao kutoka miteremko ya Meru wana meno ya kahawia kwa ajili ya floridi, na maziwa ya Momela yana floridi nyingi kupita kiasi. Ukiona mwani wa hapa nyumbani, uliza swali hilo hilo: maji gani?

Kwa hiyo niliwaandikia WhatsApp, kwa heshima zote, nikiomba cheti cha uchambuzi wa metali nzito na bakteria. Wakanijibu haraka, "Sawa mama, tunakutumia." Wakatuma picha yenye ukungu. Niliivuta nikaisoma kwa shida: ilikuwa cheti cha mafuta ya nazi. Nikawaeleza. Tiki mbili za bluu, kimya. Nyota ya nne ilikwama hapo.

Kuhusu mama mkwe. Klorela ina vitamini K, kama mboga zote za kijani kibichi, ila hapa imekolezwa kwenye unga. Warfarini hufanya kazi kwa kuzuia mwili usiitumie vitamini K kugandisha damu. Daktari wa kliniki anampangia dozi kufuatana na vipimo vyake na mlo wake wa kila siku, mchicha na kila kitu. Ukimwongezea ghafla chanzo kipya, dawa inaweza kuzidiwa nguvu, na damu iliyoganda kwenye vali bandia si jambo la kusimuliwa. Lebo haina hata mstari mmoja wa tahadhari hii. Hilo ndilo kosa kubwa la bidhaa nzima, kubwa kuliko bei na kuliko cheti cha nazi. Nilimweleza wifi, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nitampelekea asali." Asali sawa.

Lipo na jingine wasilolitaja. Klorela ikisindikwa ovyo, klorofili yake huvunjika na kutoa feoforbidi, kitu kinachoifanya ngozi iungue ikipigwa na jua. Japani yaliwakuta miaka ya 1970 kwa vidonge vya klorela, wakaweka viwango. Kwa jua la Moshi la Januari, mtu akianza kutumia unga wowote wa aina hii kisha akaota wekundu na uvimbe usoni na mikononi, aache na aende hospitali, asimsikilize anayemwambia eti ni sumu zinatoka.

Nikisema haya yote msidhani naichukia klorela. Naipenda, ila naipenda ikiwa kazini. Ukienda Mabogini, kwenye mabwawa ya majitaka ya Moshi, ule ukijani unaouona juu ya maji ni mwani wa jamii za klorela na wenzake. Bakteria wanaozesha uchafu wetu na wanahitaji oksijeni. Mwani unawapa oksijeni mchana kutwa, nao unachukua hewa ya ukaa, naitrojeni na fosforasi wanazoachia. Mwani ukinyonya hewa ya ukaa, maji yanakuwa na alkali zaidi, na vijidudu vingi vya magonjwa havipendi hilo. Hakuna mashine ya kupuliza hewa. Maji yanayotoka huko chini yanaenda kwenye mpunga. Huyo ndiye mwani anayesafisha, na hajaandikwa kwenye lebo yoyote.

Wafugaji wa samaki nao wanamjua bila kumjua. Unatia samadi kidogo bwawani, maji yanakuwa kijani, perege wanashiba. Kipimo chao ni mkono: zamisha mpaka kwenye kiwiko, kama kiganja kinapotea machoni maji yakiwa yanafika kiwikoni, chakula kipo cha kutosha. Kikipotea mapema kuliko hapo, acha samadi, maana usiku mwani wote huo unavuta oksijeni badala ya kuitoa, na alfajiri utakuta samaki wanahema juu ya maji. Jirani yangu mmoja Uru ana bwawa hilo. Tone la maji yake chini ya hadubini lina uhai kuliko kopo langu lote la 65,000, na alinipa bure, pamoja na perege wawili.

Basi, nani anunue? Mtu mzima mwenye afya, asiye na dawa ya kuzuia kuganda kwa damu, mwenye pesa ya ziada, anayependa kitu cha kijani kwenye juisi yake na ambaye ameshakula mboga za kawaida: huu ni unga safi, uliopasuliwa vizuri, uliofungashwa vizuri. Aliye na kisukari, shinikizo la damu, au mimba aulize kliniki kwanza, asiulize kundi la WhatsApp. Anayetafuta protini kwa ajili ya mtoto anunue mayai na dagaa. Anayetaka kijani cha bei nafuu, mlonge uko rafu ile ile, na binti atakuambia ukweli kama bosi hayupo.

Kopo langu sasa liko kwenye kabati la maabara. Kidato cha tatu watalitumia kutenganisha rangi za klorofili kwa karatasi ya kuchujia na spiriti, na kwa kazi hiyo limekuwa zuri ajabu: mistari ya kijani na njano imetoka wazi kuliko mchicha tuliozoea. Mhasibu nimemwambia ni kifaa cha kufundishia. Duka wakinitumia cheti chenyewe, kinachosomeka, cha bidhaa hii na toleo hili, nitarudi kuongeza nyota.